Mtoto Mchanga Alale Wapi? Kitanda cha Kando Kwenye Mizani

Mwanamke mwenye mimba ya kwanza, anapokaribia siku zake, hupata ushauri wa namna tatu kuhusu mahali pa kumlaza mtoto. Mama yake au mama mkwe humwambia kuwa mtoto mchanga halali peke yake: hulala ubavuni mwa mama, hasa katika zile siku 40 za uzazi. Ndugu aliyejifungulia Marekani au Uingereza humpigia simu kumwonya kuwa kulala na mtoto kitanda kimoja kunaweza kumuua. Naye muuza vifaa vya watoto wa Kariakoo au Eastleigh humwonyesha picha ya kitanda kidogo chenye upande mmoja unaoshushwa, kinachofungwa kwenye kitanda cha wazazi, na kumhakikishia kuwa hicho kinaondoa wasiwasi wa pande zote mbili.

Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, lakini kila mmoja anazungumzia chumba chake. Bibi anakumbuka kitanda kigumu cha kamba na mama aliyelala na kichanga wake tu. Ndugu wa ng'ambo anazungumzia nyumba isiyo na mbu wa malaria. Muuzaji anazungumzia chumba cha kwenye picha. Mzazi mtarajiwa anapaswa kuamua kwa ajili ya chumba anacholala yeye, na kabla ya kuamua ni vema ajue hofu yenyewe ni ya nini.

Hofu mbili zinazochanganywa

Watu wakisema "mtoto amelaliwa" wanamaanisha kuwa mtu mzima amemkandamiza usingizini hadi akakosa pumzi. Hiyo ni hofu ya kwanza, na chanzo chake kinaonekana: mwili, mto, blanketi, au nafasi kati ya godoro na ukuta ambamo mtoto ameteleza. Hofu ya pili ni kifo cha ghafla ambacho hata baada ya uchunguzi hakionyeshi chanzo. Hicho hutokea zaidi mtoto akiwa na miezi 2 hadi 4, na takribani vifo 9 kati ya 10 vya namna hiyo hutokea kabla ya miezi 6. Kwa sehemu kubwa mazingira yanayoleta kimoja ndiyo yanayoongeza kingine: mahali laini, joto jingi, kichwa kufunikwa, moshi wa sigara, na mtoto kulazwa kifudifudi.

Mafanikio makubwa kuliko yote katika suala hili hayakuhusu kitanda. Uingereza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, zilianzisha kampeni za kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali. Miaka iliyofuata vifo vya ghafla vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi zote mbili. Hakuna aliyelipa chochote kupata kinga hiyo, na bado ndiyo inayopingwa sana majumbani kwetu kwa hofu kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa na maziwa akicheua. Maumbile yanasema kinyume. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayana budi kupanda ndipo yaingie kwenye njia ya hewa. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo huwa chini.

Wanaotaka mtoto awe na kitanda chake

Msimamo huu una mtetezi mkubwa: Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Mwongozo wake wa mwaka 2022 unasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini juu ya kitanda chake, chali, kwenye godoro gumu na bapa, pasipo mto, blanketi, midoli wala vizuizi vya sponji pembeni.

Ushahidi unaoupa nguvu si wa kubezwa. Utafiti wa Robert Carpenter na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 uliunganisha takwimu za nchi kadhaa na kukuta kwamba, hata pale wazazi wasipovuta sigara wala kunywa pombe na mtoto ananyonya, mtoto wa chini ya miezi 3 anayelala kitanda kimoja na wazazi alikuwa katika hatari mara 5 ya yule anayelala kitanda chake ndani ya chumba hichohicho. Ubora mwingine wa msimamo huu ni wepesi wa kushikika. Mama ambaye hajalala siku tatu mfululizo hawezi kukaa akipima masharti, ila sheria moja fupi anaweza kuikumbuka hata akiwa hoi.

Hata hivyo, namba zinataka kusomwa hadi mwisho. Kwa familia hizo zisizo na hatari nyingine, watafiti haohao walikadiria vifo takribani 8 kwa kila watoto 100,000 wanaolala kitanda chao, na takribani 23 kwa wanaolala na wazazi. Tofauti ipo, na mzazi hapaswi kuidharau, lakini ni tofauti kati ya hatari ndogo sana na hatari ndogo. Udhaifu wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mama aliyetishwa asimnyonyeshe mtoto kitandani huamka, huenda kukaa kwenye sofa, na saa tisa usiku usingizi humchukua hapo akiwa na mtoto kifuani. Chama hichohicho cha madaktari kinaonya kuwa kulala na mtoto kwenye sofa au kiti laini huongeza hatari ya kifo hadi mara 67. Katazo linalomtoa mama kitandani na kumpeleka kwenye sofa limemwongezea mtoto hatari.

Wanaotaka mtoto alale na mama

Upande wa pili haujajaa wazee wa mila peke yao, kama inavyodhaniwa. James McKenna, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza usingizi wa mama na mtoto wanaolala pamoja. Anaeleza kuwa mama anayenyonyesha hulala usingizi mwepesi, hujipinda kumzunguka mtoto, na mtoto hubaki usawa wa matiti, mbali na mito. Mwaka 2014 Peter Blair na wenzake walichambua upya takwimu za Uingereza na hawakuona ongezeko la maana la hatari pale kulala pamoja kulipotenganishwa na sofa, pombe na sigara. Chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, Academy of Breastfeeding Medicine, kimekubali katika mwongozo wake kwamba mama anayenyonyesha, asiye na hatari nyingine, aelezwe namna ya kulala na mtoto kwa usalama badala ya kukatazwa tu. Huko Japani kulala na mtoto juu ya godoro jembamba la sakafuni ni desturi ya tangu zamani, na vifo vya ghafla vya watoto ni vichache.

Nguvu ya hoja hii ni kunyonyesha. Mtoto aliye karibu hunyonya zaidi, na maziwa ya mama yenyewe ni kinga: kunyonyesha kwa angalau miezi 2 kumehusishwa na kupungua kwa karibu nusu kwa hatari ya kifo cha ghafla. Kwetu, ambako kuhara na homa ya mapafu bado vinaua watoto, ratiba yoyote inayopunguza kunyonya ina gharama ambayo takwimu za London hazioneshi.

Udhaifu wake ni kwamba kitanda kinachoelezwa katika tafiti hizo ni cha mama na mtoto, au cha wazazi na mtoto, kikiwa na nafasi. Katika chumba kimoja cha Manzese au Mathare kitanda ni cha futi 4 kwa 6, na juu yake wamo baba, mama, kaka wa miaka miwili ambaye hajazoea kulala mbali na mama, na kichanga. Godoro ni la sponji lililobonyea katikati, kwa hiyo kila mwili mwepesi huteleza kuelekea kwenye mwili mzito. Upande mmoja wa kitanda umegusa ukuta, na mtoto huwekwa huko kwa nia njema, asidondoke. Hapo masharti ya akina McKenna na Blair yameshavunjika kabla hatujauliza kama baba hunywa au kuvuta. Desturi ya zamani ya siku 40, ambapo katika familia nyingi baba alihamia kwingine na bibi au somo akakaa na mzazi, ilikuwa na hekima ambayo nyumba za kupanga zimeiondoa, nasi tumebaki na nusu tu ya desturi: mtoto yuko kitandani, walinzi wake hawapo.

Kitanda cha kando: kinachotimiza na kisichotimiza

Kitanda cha kando kinataka kuchukua mazuri ya pande zote mbili. Mtoto ana godoro lake gumu, hakuna mwili wa kumlalia, na mama anamfikia bila kusimama. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji faida hii ni kubwa, kwa sababu katika wiki za mwanzo kuinuka kitandani na kumnyanyua mtoto kutoka kitanda chenye kuta ndefu ni maumivu matupu.

Ushahidi wake ni wa wastani. Mwaka 2006 Helen Ball na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika wodi ya wazazi mjini Newcastle, Uingereza. Watoto waliolala kwenye kitanda kidogo kilichounganishwa na cha mama, na wale waliolala naye, walinyonya mara nyingi zaidi usiku kuliko waliowekwa kwenye kitanda kilichotengwa. Matumaini yakawa makubwa. Utafiti mpana zaidi wa kundi hilohilo, wenye akina mama zaidi ya 1,200, ulichapishwa mwaka 2011, na haukuonyesha kuwa waliopewa kitanda cha kuunganisha wodini waliendelea kunyonyesha kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kitanda cha kando kinarahisisha usiku wa mwanzo. Muuzaji anayedai kuwa kitahakikisha unyonyeshaji wa miezi 6 anaahidi jambo ambalo kitanda hakiwezi kulifanya.

Hatari zake zipo kwenye kiungio. Kitanda kikisogea sentimita chache kutoka kwenye kile cha mama, hutokea pengo ambamo kichwa cha kichanga kinaweza kuingia na kubanwa. Godoro la mama likiwa juu kuliko la mtoto, mto au blanketi la mama huporomokea usoni mwake. Likiwa chini, mtoto anaweza kubingirikia upande wa mama. Mkanda wa kufungia hutengenezwa upite chini ya godoro na kushika fremu, lakini vitanda vyetu vya mbao nzito vyenye mbao pana za pembeni huwa vinakizuia kitanda kidogo kugusa godoro. Pengo hilo watu hulijaza kwa khanga au taulo iliyokunjwa, jambo ambalo ni hatari, kwa kuwa kitambaa hicho kitakuwa usoni mwa mtoto kabla ya alfajiri.

Tena muda wake ni mfupi. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, mara nyingi kati ya miezi 5 na 6, kitanda cha kando chenye upande ulioshushwa hakimfai tena.

Baadhi ya vitanda hivi vina miguu inayoweza kurefushwa upande mmoja ili kichwa cha mtoto kiinuke, na wauzaji husema inasaidia anayecheua. Mzazi aiache miguu hiyo sawasawa. Mtoto aliyeinamishwa huteleza, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa hujikunja. Marekani ililipa gharama kubwa kulijua hilo: mwaka 2019 kampuni ya Fisher-Price iliagiza kurudishwa kwa takribani vitanda milioni 4.7 vya mwinamo vya Rock 'n Play baada ya taarifa za vifo zaidi ya 30, na mwaka 2022 sheria ikapiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10.

Neti ambayo miongozo ya ng'ambo haiitaji

Hapa ndipo ushauri kutoka nje unapotuacha peke yetu. Takribani robo tatu ya vifo vya malaria barani Afrika ni vya watoto walio chini ya miaka 5. Kliniki za wajawazito Tanzania, na zile za maeneo yenye malaria Kenya, hugawa neti zilizotiwa dawa kwa sababu hiyo. Lakini neti hiyo ilipimwa kwa kitanda cha mama. Ukiongeza kitanda kingine ubavuni, nani anabaki nje?

Hesabu yake ni rahisi. Vitanda vya kando vingi vina upana wa karibu sentimita 50, yaani futi 1 na zaidi ya nusu. Kikiungwa na kitanda cha futi 4 kwa 6, upana wote haufiki futi 6, na neti ya 6 kwa 6 itavifunika vyote viwili na kuchomekewa. Kikiungwa na cha 5 kwa 6, upana unapita futi 6 na nusu, na neti hiyohiyo itavutwa hadi imlalie mtoto. Neti inayogusa ngozi inamruhusu mbu kuuma kupitia matundu yake, na kitambaa kilicholegea juu ya uso wa kichanga ni hatari nyingine. Mwenye kitanda cha 6 kwa 6 atahitaji neti ya pili iliyotiwa dawa, itundikwe juu ya mtoto peke yake. Vile vineti vya mwavuli vinavyouzwa pamoja na vigodoro vya watoto kwa kawaida havijatiwa dawa, na vigodoro vyenyewe mara nyingi ni laini na vina mto.

Hali ya hewa nayo ina neno. Tanga au Lamu mwezi Februari, mtoto aliyevalishwa kofia, soksi na shali mbili analala na joto ambalo ni hatari kwake. Nguo moja nyepesi inamtosha, na kichwa kibaki wazi. Makete au Nyandarua mwezi Julai, mama ana sababu ya kweli ya kuogopa kumtenga mtoto na joto la mwili wake. Jibu ni kumvika nguo za kutosha zinazobana mwilini badala ya blanketi la kufunika. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua nyumba nzima.

Watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana wana hukumu yao. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kuanza mara moja njia ya kangaruu, ngozi ya mtoto kwenye kifua cha mama, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, kulipunguza vifo kwa robo. Mtoto wa namna hiyo kifua ndicho kitanda chake, kwa maelekezo ya wauguzi. Kumlaza ubavuni katikati ya watu wazima usingizini ni jambo jingine kabisa, na kwake lina hatari kubwa kuliko kwa mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia.

Dukani, mtumbani au kwa fundi

Cha dukani kina faida moja kubwa: mkanda wa kukifungia umetengenezwa kwa ajili yake. Cha mtumba huja bila kijitabu na mara nyingi bila skrubu zote, na kitanda cha kawaida cha mtoto (si cha kando) chenye ukuta wa kuteremshwa kisinunuliwe kwa bei yoyote; Marekani ilipiga marufuku vitanda vya watoto vya aina hiyo mwaka 2011 baada ya kuta kuachia na kubana watoto.

Njia ya fundi seremala wa Keko au Gikomba haithaminiwi inavyostahili. Fundi anaweza kufanya ambacho kiwanda hakiwezi: kutengeneza kitanda kwa kimo cha kitanda chako hasa. Mpelekee kipimo cha kutoka sakafuni hadi juu ya godoro lako ukiwa umelikalia. Mwambie fito zikaribiane kiasi kwamba kopo la soda lisipite kati yake, yaani zisizidi sentimita 6. Godoro la mtoto liwe gumu na lijae fremu, vidole viwili visiingie pembeni. Ukilikandamiza kwa kiganja, liinuke mara moja. Kitanda kifungwe kwenye fremu yako kwa boliti au mkanda imara, na asiache misumari wala ncha za mbao zilizochongoka.

Asiyemudu hata hicho ana njia nyingine. Tangu mwaka 1938 Ufini imekuwa ikiwapa wazazi boksi la karatasi ngumu lenye godoro dogo ndani, na vizazi vya watoto wamelala humo. Nchini New Zealand jamii za Wamaori zilirudia ususi wao na kutengeneza kikapu bapa, wahakura, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi ili mtoto awe karibu lakini asilaliwe. Boksi imara lenye kitako bapa na kigodoro kigumu, likiwekwa chini ya neti ya mama, linafanya kazi hiyohiyo.

Nani anakihitaji kweli

Baada ya kupima pande zote, naona kwamba mabishano ya kitanda kipi yamechukua nafasi ya swali la mtoto analala juu ya nini na nani yuko karibu naye. Mama anayenyonyesha, asiyevuta sigara, ambaye hakunywa pombe wala dawa za kulevya au za usingizi, mwenye godoro gumu, aliyejifungua mtoto wa miezi kamili, na ambaye anaweza kuwaondoa kitandani mtoto mkubwa na mito, hajafanya kosa akilala na mtoto wake chini ya neti moja. Hatari anayobaki nayo ni ndogo, ingawa haijaisha, na kitanda cha kando kingeipunguza zaidi.

Hali hubadilika pale mzazi yeyote kitandani anapovuta au kunywa. Kulala na mtu aliyelewa au aliyelemewa na dawa huongeza hatari kwa mtoto takribani mara 10, na hapo mtoto kuwa na mahali pake pa kulala ni lazima, pawe kitanda, kikapu au boksi. Ndivyo ilivyo kwa mtoto anayelishwa kwa chupa, kwa kichanga aliyezaliwa njiti akishatoka kwenye kangaruu, na kwa nyumba ambayo kaka au dada hana pengine pa kulala. Mama wa upasuaji nampendekezea kitanda cha kando bila kusita, kama kimekaa vema na neti inatosha.

Baba anayesoma haya ana kazi ya kufanya wiki hii: apime upana wa kitanda na upana wa neti, asogeze kitanda kutoka ukutani au azibe pengo kabisa kwa kukibana ukutani, na amtafutie mtoto mkubwa pa kulala kabla kichanga hajafika nyumbani. Kwa familia yenye fedha ya kununua kitu kimoja tu, neti pana iliyotiwa dawa itangulie kitanda.